Kutoka Beni hadi Kalela: Safari ya Ngoma ya Pwani na Ushahidi wa Majina Yake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kusambaa kwa ngoma ya beni kutoka miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Yanajadili hoja mbili. Kwanza, kilichosafiri hakikuwa muziki wa Kizungu uliokuwa ukiigwa, bali utaratibu wa mashindano ya nyimbo uliokuwapo pwani tangu zamani na uliovaa sare mpya. Pili, majina ya ngoma hiyo, yaani beni, mbeni, mganda, malipenga na kalela, yanaweka wazi hatua za usambaaji wake, lakini yana hila: neno mkopo hudumu pale ambapo ngoma bado ni ngeni, na hutoweka pale inapokubalika kabisa. Mtafiti anayefuata neno peke yake hupoteza njia mahali ambapo angepaswa kuiona vizuri zaidi.

1.0 Utangulizi

Historia ya kusambaa kwa utamaduni mara nyingi huelezwa kana kwamba ni maji yatiririkayo kutoka mlimani kwenda bondeni. Panakuwa na chanzo, panakuwa na mkondo, na watu walio chini hupokea kile kinachowafikia. Katika fasihi ya Kiswahili mkabala huu umeacha alama kubwa. Athari ya Uarabuni, ya Uajemi, ya India na ya Ulaya imejadiliwa kwa miongo mingi, na swali la msingi limekuwa kiasi gani cha fasihi hii ni cha wenyeji na kiasi gani ni cha kuazima. Swali hilo lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba linamnyima mpokeaji kazi yoyote zaidi ya kupokea.

Ngoma ya beni inafaa kuwa mfano wa kulipima swali hilo. Kwa macho ya maofisa wengi wa kikoloni na wamisionari, beni ilikuwa ni uigaji mtupu: vijana wa Kiafrika waliovaa sare, waliopanga safu, waliopiga ngoma kubwa na tarumbeta, na waliojipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Baadhi yao waliicheka. Wengine waliiogopa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, ndiye aliyeweka msingi wa kuitazama kwa namna nyingine, akiifuata kutoka Lamu na Mombasa hadi bara. Makala haya yanajengwa juu ya msingi huo, lakini yanaelekea upande ambao mwanahistoria huyo hakuupa nafasi kubwa: lugha, na hasa majina.

2.0 Mashindano Kabla ya Tarumbeta

Ili kuelewa kilichosafiri, ni lazima kwanza kuelewa kilichokuwapo. Miji ya Waswahili ilikuwa imegawanyika katika pande zilizoshindana kwa heshima. Lamu ilikuwa na mitaa ya Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, iliyogawanyika katika Tisa Taifa na Tatu Taifa. Mgawanyiko huu ulikuwa wa kisiasa na wa kiukoo, lakini ulijidhihirisha hadharani katika karamu, katika sherehe, katika ngoma na katika ushairi. Mapema katika karne ya 19, wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya kisiasa yaliyoelekezwa kwa mahasimu wa mji wake. Shairi lilikuwa silaha, na silaha hiyo ilidai jibu.

Kanuni za mashindano haya zilikuwa bayana. Upande mmoja hutoa kauli, upande wa pili hujibu. Mafumbo hupewa uzito kuliko matusi ya wazi, kwa kuwa aliyetukanwa kwa fumbo hulazimika ama kunyamaza ama kukiri kwamba amelielewa. Hadhira ndiyo mwamuzi. Anayetumia mali nyingi katika karamu hupata sifa, na anayeshindwa kurudisha karamu ya kiwango hicho huaibika. Wanawake walikuwa na uwanja wao katika lelemama, ambamo vyama hasimu vya Mombasa vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana. Margaret Strobel ameueleza uwanja huo kwa kina katika utafiti wake wa wanawake Waislamu wa Mombasa.

Katika mazingira hayo ndipo bendi za shaba zilipoingia. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alikuwa na bendi ya Wagoa. Karibu na Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru ya Freretown, yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS katikati ya miaka ya 1870, yalileta muziki wa aina hiyo karibu na wakazi wa mji. Meli za kivita zilizotia nanga bandarini zilikuwa na wapigaji wao pia. Kwa hiyo, katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu walikuwa wameona na kusikia ala hizo mara nyingi.

Walichofanya nacho ndilo jambo la maana. Hawakuunda bendi za kuburudisha wasikilizaji waliokaa kimya. Waliunda makundi mawili mawili yenye uhasama. Huko Mombasa majina ya Kingi na Skochi yalikuwa miongoni mwa yale yaliyovuma. Majina hayo yametoholewa kutoka Kiingereza, lakini muundo unaobebwa nayo, yaani pande mbili zinazotafutana kwa nyimbo na karamu, haukutoka Uingereza. Gwaride la Kiingereza halina mpinzani wa kulijibu. Beni bila mpinzani haikuwa beni.

3.0 Neno Lililoingia kwa Sikio

Neno beni lenyewe linatoa ushahidi. Asili yake ni neno la Kiingereza linalomaanisha kundi la wapiga muziki, na neno hilohilo limeingia Kiswahili mara ya pili kwa umbo la bendi. Maumbo yote mawili yanafuata desturi ya utohozi ambapo irabu ya Kiingereza iliyo kati ya a na e ya Kiswahili hupokewa kama e, kama inavyoonekana katika benki na begi. Maumbo yote mawili pia yameongezwa irabu i mwishoni ili kulinda silabi wazi. Tofauti yao ni konsonanti d, ambayo imebaki katika bendi na kudondoka katika beni.

Udondoshaji huo hauwezi kuelezwa kwa fonolojia ya Kiswahili. Mfuatano wa nd ni wa kawaida kabisa katika lugha hii: penda, kanda, ndoo. Hakukuwa na sababu ya kuukwepa. Maelezo yenye mashiko zaidi ni kwamba beni liliingia kwa sikio. Katika usemaji wa kawaida wa Kiingereza, d inayofuata n mwishoni mwa neno husikika kwa udhaifu, hasa neno jingine linapofuata mara moja. Mtu aliyelisikia gatini au katika uwanja wa gwaride angeweza kulishika bila d. Bendi, kwa upande wake, lina sura ya neno lililopita katika maandishi au katika masikio ya watu waliokwisha kuijua Kiingereza cha shule.

Maumbo hayo mawili yaligawana maana. Bendi likabaki jina la kundi la wanamuziki wanaopiga ala, liwe la polisi au la dansi. Beni likawa jina la ngoma, pamoja na chama kinachoicheza, nyimbo zake na mashindano yake. Iwapo wachezaji wangekuwa wanaiga tu, neno moja lingetosha. Lugha ilihitaji mawili kwa sababu wazungumzaji wake walitambua vitu viwili.

4.0 Marini, Arinoti na Barabara za Vita

Kutoka pwani ya Kenya beni ilishuka kusini hadi miji ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huko ilijipanga katika pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, ambazo matawi yake yalipatikana katika miji mingi. Marini walijinasibu na ustaarabu wa pwani, elimu na kazi za ofisini. Arinoti walionekana kuwa wa watu wa hali ya chini na wageni wa mjini. Mgawanyiko huo haukuwa sawa kila mahali, lakini mantiki yake ilikuwa ileile ya Mkomani na Langoni, isipokuwa sasa ulikuwa umeng'olewa kutoka mtaa na ukoo. Mtu hakuhitaji kuzaliwa Marini. Alijiunga.

Hapo ndipo ilipo siri ya uwezo wa beni kusafiri. Uhasama wa Lamu haukuweza kuhamia Tabora, kwa sababu Tabora haina Mkomani. Uhasama wa Marini na Arinoti uliweza kuhamia popote palipokuwa na vijana waliotengana na kwao: makarani, askari, watumishi wa nyumbani, wapagazi, vibarua. Mwanachama aliyehamishiwa mji mwingine alikuta tawi, alipokewa na kulishwa, na alipofiwa wenzake walishiriki maziko. Vyeo vya kifalme na vya kijeshi, vilivyowachekesha Wazungu, vilikuwa na kazi ya vitendo. Vilimwezesha mgeni kujua mara moja nani ni mkubwa wa nani katika mji asioujua.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliharakisha mwendo huo. Vikosi vya King's African Rifles, vilivyoundwa rasmi mwaka 1902 na vilivyokuwa na vikosi kutoka Nyasaland, vilipigana Afrika Mashariki bega kwa bega na askari kutoka Kenya na Uganda. Laki kadhaa za watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na Kariokor, jijini Nairobi, ambalo nalo ni jina la Kiingereza lililoingia kwa sikio. Majeshi ya Lettow-Vorbeck yalivuka mto Ruvuma mwishoni mwa 1917, yakapita Msumbiji, yakaingia Rhodesia ya Kaskazini, na kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka minne watu wa nchi nyingi walikaa kambi moja na kutumia Kiswahili kama lugha ya mawasiliano. Waliporudi makwao, walirudi na beni.

Ulinganisho na taarab unasaidia. Kwa mapokeo, taarab inahusishwa na kasri la Barghash na uhusiano wake na Misri; ilianza juu, kisha ikashuka kwa watu. Ilipotoka nje ya Zanzibar kwa nguvu kubwa, ilitumia chombo kipya: santuri, zikiwamo zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia 1928. Taarab ilisafiri kama sauti, na sauti hiyo ilifika popote ikiwa ileile. Beni ilisafiri kama miili na kumbukumbu za watu, kwa hiyo ilibadilika kila ilipopiga kambi.

5.0 Mbeni, Mganda, Malipenga, Kalela

Katika Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini ngoma hii ilijulikana kwa jina la mbeni. Umbo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Halina d, na linaishia kwa i. Alama zote mbili ni za neno ambalo tayari lilikuwa limepita katika kinywa cha Mswahili. M ya mwanzo nayo inaeleweka kwa fonolojia ya Kibemba, ambamo b ya kawaida hutamkwa kwa kukwamiza, na b ya kipasuo hupatikana baada ya m. Mzungumzaji wa Kibemba aliyetaka kulinda b ya Kiswahili angepata njia katika mb. Neno moja fupi linabeba mihuri ya lugha tatu kwa mpangilio: Kiingereza, Kiswahili, Kibemba. Hata kama hati zote za safari hiyo zingepotea, mihuri hiyo ingetosha kuonyesha kwamba mbeni haikutoka moja kwa moja kwa mwajiri Mzungu wa mgodini. Ilitoka kaskazini, kwa Waafrika wengine.

Mwezi Mei 1935 wafanyakazi wa migodi ya Mufulira, Nkana na Roan Antelope waligoma baada ya kutangazwa kwa ongezeko la kodi ya mijini. Tarehe 29 Mei polisi walifyatua risasi Roan Antelope, na watu sita waliuawa. Tume iliyoteuliwa kuchunguza machafuko hayo ilichukua ushahidi kuhusu chama cha Mbeni, kwa kuwa serikali ilishuku kwamba mtandao wake uliwaunganisha wagomaji. Hapa ndipo swali la uigaji linapoacha kuwa la kinadharia. Ikiwa mbeni ilikuwa mchezo wa kuwaiga Wazungu, haikuwa na la kujibu mbele ya tume. Ikiwa ilikuwa njia ya watu wasiofahamiana kuaminiana, basi utawala ulikuwa umeona jambo la kweli, ingawa uliliona kwa woga. Kwa miaka mingi utawala uleule ulishikilia kauli zote mbili: kwamba beni ni upuuzi, na kwamba beni ni hatari.

Kando ya Ziwa Nyasa mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Askari waliorudi waliipeleka ngoma vijijini, na huko ilipata majina mapya: mganda miongoni mwa Wachewa, malipenga kaskazini zaidi. Lipenga ni tarumbeta katika lugha za huko, na malipenga ni wingi wake. Lakini tarumbeta zenyewe hazikuwa za shaba. Zilitengenezwa kwa kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba, ambacho mchezaji hukiimbia ili sauti yake igeuke kuwa kama ya ala ya shaba. Ala hiyo inaonyesha umbali uliokwisha kufikiwa. Mchezaji hakusubiri kupata tarumbeta ya dukani. Alichukua sauti, akaiacha shaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, J. Clyde Mitchell aliiangalia ngoma ya kalela ikichezwa na vijana wa Kibisa huko Luanshya, na mwaka 1956 akachapisha maelezo yake. Wachezaji walivaa suruali na viatu safi vya mjini. Walikuwa na mfalme, daktari na muuguzi. Waliimba kwa Kibemba cha mjini, wakiwasifu watu wao na kuwakejeli makabila mengine. Mitchell mwenyewe aliihusisha kalela na mbeni. Uchunguzi wake umejulikana zaidi kwa hoja yake kuhusu ukabila wa mjini, lakini msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaona kitu kingine pia: kejeli inayongoja jibu, hadhira inayoamua, na mfalme ambaye ni ndugu wa mbali wa Kingi wa Mombasa. Hapakuwa na neno la Kiswahili lililobaki katika jina la ngoma hiyo. Kanuni za pwani zilikuwa bado uwanjani.

6.0 Hila ya Majina

Majina haya yakipangwa kwa mfuatano, hatua tatu zinajitokeza. Katika hatua ya kwanza neno geni linatoholewa na kupewa maana maalumu, kama beni pwani. Katika hatua ya pili neno hilo linakopwa tena na lugha nyingine likiwa na sura ya mkopeshaji wa kati, kama mbeni katika Ukanda wa Shaba. Katika hatua ya tatu jina la wenyeji linachukua nafasi, kama mganda, malipenga na kalela, na historia ya awali inafichika.

Matokeo yake kwa mbinu za utafiti ni makubwa. Msamiati wa mkopo umekuwa kipimo kinachotegemewa cha athari baina ya tamaduni: maneno mengi ya kuazima, athari kubwa, maneno machache, athari ndogo. Mfano wa beni unaonyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kusoma kinyume. Neno geni linaposhikiliwa, ngoma bado inatambulika kuwa ya watu wengine, na sehemu ya mvuto wake ni ugeni huo. Neno linapoachwa, huenda ngoma imekufa, lakini huenda pia imekuwa mali ya nyumbani kiasi kwamba hakuna anayehitaji kukumbuka ilikotoka. Jina peke yake haliwezi kutofautisha hali hizo mbili. Muundo wa utendaji, yaani pande hasimu, majibizano, vyeo na hukumu ya hadhira, ndio unaoweza.

Hoja hii inairudia pwani yenyewe. Miongo mingi ya mjadala kuhusu kiasi cha Uarabu katika ushairi wa Kiswahili imeegemea istilahi, kwa sababu istilahi huhesabika. Ni rahisi kuonyesha kwamba shairi na beti ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Ni vigumu zaidi, lakini ni muhimu zaidi, kuuliza ni kanuni zipi za utendaji zilizokuwapo kabla ya maneno hayo, na ni zipi zilizoendelea kufanya kazi chini yake. Vijana wa Mombasa walioita ngoma yao kwa neno la Kiingereza hawakuwa wamekuwa Waingereza. Si lazima kudhani kwamba mababu zao waliotumia maneno ya Kiarabu walikuwa tofauti.

7.0 Hitimisho

Baada ya Vita Vikuu vya Pili beni ilififia katika miji ya Tanganyika, ambako vijana waliigeukia dansi. Haikutoweka kila mahali. Unguja bado wanaijua beni ya mbwakachoka, inayopita mitaani kwa vichekesho wakati wa harusi na sherehe, na Lamu imeendelea kuitumia katika harusi. Malawi bado inacheza malipenga na mganda. Mchezaji wa malipenga na mpigaji wa mbwakachoka wakikutanishwa, huenda wasitambue kwamba wana babu mmoja, kwa kuwa majina yao hayawaambii.

Nyimbo nyingi zilizoimbwa katika safari hiyo hazikuandikwa na yeyote. Sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa kimepita mikononi mwa maofisa waliokuwa wakipeleleza, kwa hiyo kimehifadhi kile walichokiogopa zaidi ya kile waimbaji walichokijali. Hilo linaipa isimu jukumu ambalo nyaraka haziwezi kulitekeleza peke yake. Konsonanti iliyodondoka gatini Mombasa na m iliyoongezwa mgodini ni ushahidi ambao haukuandikwa na mpelelezi yeyote. Uliwekwa na wachezaji wenyewe, bila kukusudia, kila walipolitaja jina la ngoma yao.